Saa Isiyotakiwa Kusimama

Enzi zetu, wenzangu mliokulia Mutsamudu, kitu kilinunuliwa ili kizeeke na mwenyewe. Sufuria ilizibwa, kiatu kilishonwa, mwavuli ulifungwa uzi. Na saa, kwa waliokuwa nayo, ilivaliwa hadi mkanda ukaacha alama nyeupe mkononi.

Baba yangu alikuwa nayo alama hiyo. Alikuwa kuli wa bandarini, Mngazija aliyekuja kisiwani kwetu Nzwani kuoa na kukaa nyumbani kwa Mama, kwani kwetu nyumba ni ya mwanamke na mume huingia na sanduku lake. Katika sanduku hilo alikuja na saa ya kijeshi aliyoinunua soko la Volo Volo kwa muuza mitumba: uso mweusi, namba zinazong'aa kijani gizani, mkanda wa turubai rangi ya majani makavu. Haikuwa na betri wala haikutiwa ufunguo. Ilitembea kwa kutikiswa na mkono wa aliyeivaa.

Nimeona saa ile ikiangukiwa na kreti la sabuni. Nimeiona imejaa saruji, Baba akaisugua kwa limau na mswaki. Siku moja ilitumbukia baharini gatini, mzamiaji akaitoa baada ya sala ya adhuhuri, nayo inatembea. Mama alikuwa akisema, "Laiti wanaume nao wangetengenezwa kwenye kiwanda hicho." Sisi watoto tulishindana nani ataitegea sikio muda mrefu zaidi bila kucheka.

Kisha ukaja mwaka ule Nzwani ilipojitenga na serikali ya Moroni, kule kisiwani kwa kina Baba. Wakubwa walianza kuongea kwa kunong'ona, na sisi tuliokuwa tukicheza kombolela vichochoroni tukaitwa ndani jua lingali juu. Askari wa Moroni waliposhuka bandarini na kushindwa, mji ulinuka moshi na karafuu pamoja, na kila Mngazija akaanza kutazamwa upya. Mama alimkataza Baba kufungua kinywa barazani, maana lafudhi yake ilimtangaza hata akisalimia. Mchele uliadimika. Tulikula mashelisheli asubuhi, mchana na jioni, na mpaka leo nikiliona shelisheli nasema alhamdulillahi nikiwa nimegeuza uso.

Baba alipata nafasi kwenye mashua ya kwenda kwao. Bandarini watu walikuwa wakipekuliwa, na mwenye kitu chochote cha kijeshi aliitwa askari aliyejificha. Asubuhi ile akaivua saa. Alama nyeupe ikabaki pale mkononi, wazi kabisa, mkanda na duara lake. Mama akachukua masizi ya chungu, akachanganya na mafuta ya nazi, akampaka taratibu. Sijapata kuona watu wawili wakishikana mkono kwa muda mrefu vile.

Kisha Baba akanifunga saa mimi, juu ya kiwiko, ndani ya mkono wa gauni.

"Mama yako anashona, mkono wake hauendi mbali," alisema. "Wewe huna utulivu hata usingizini. Usiiache isimame mpaka nirudi."

Nilikuwa na miaka kumi. Nilielewa jambo moja tu, kwamba saa ikisimama Baba hatarudi. Basi nikawa situlii kwa makusudi. Nilitwanga, nilikuna nazi, nilipanda ngazi za ngome na kushuka bila kutumwa. Nikiamka tu, kitu cha kwanza ni kuinua mkono sikioni. Moyo wangu ulikuwa haupigi sawasawa mpaka nisikie ule mlio mdogo.

Aliyejua siri hiyo nje ya nyumba yetu alikuwa Fundi Salimu peke yake. Fundi ndivyo tunavyomwita mwalimu wa chuo cha Kurani, naye ndiye aliyekuwa imamu wa mtaa. Umeme ulikuwa umekatika, betri hazipatikani, na saa ya ukutani msikitini ilikuwa imekufa. Nikifika chuoni na ubao wangu, alivuta mkono wa gauni langu kidogo, akasoma saa, akaitikia kwa kichwa, kisha ndipo akaniambia nianze kusoma.

Siku siri ilipofichuka tulikuwa mtoni, mimi na Mama, tunafua. Nilisahau kuwa nimevaa saa. Nilisugua nguo kwa nguvu mpaka gauni likalowa na kunigandia mwilini, na mkanda ukajichora. Vijana watatu wa waliojitenga, wenye bunduki, walikuwa wakivuka. Mmoja wao tulimjua. Kabla ya hapo alikuwa akituokotea mpira ukiangukia uwani kwao. Akanipandisha mkono wa gauni.

"Ya nani hii?"

Wanawake wote mtoni waliacha kufua.

"Baba yake ni yule Mngazija wa bandarini," akawaambia wenzake. Kisha akamgeukia Mama. "Kumbe tulikuwa tunaishi na askari. Chukua shiromani lako, mama, twende ukatueleze."

Mama alijifunga lile shiromani lake, shuka jekundu wanalojitanda wanawake wa Nzwani, na mimi nikajua nimemponza. Sikuifikiria tena saa. Niliona mgongo wa Mama tu, na nguo zetu zikichukuliwa na maji.

Fundi Salimu alikuwa akitawadha juu kidogo ya mto. Alikuja na miguu mitupu, maji yakimdondoka kwenye viwiko.

"Mwacheni mama wa watu. Hiyo ni saa ya msikiti. Ni wakfu."

Yule kijana akauachia mkono wangu kana kwamba umemuunguza. Walikuwa wamesoma kwake wote watatu, na walijua mwenye kula mali ya wakfu anakula moto.

"Mbona kaivaa mtoto, Fundi?"

"Haitembei bila kutembezwa. Na mimi magoti yangu unayajua."

Wakaenda zao. Mama alikaa chini palepale, ndani ya maji.

Baada ya alasiri Fundi alikuja nyumbani. Hakuketi. "Nimesema uongo mbele ya watu," alimwambia Mama. "Wakfu hautoi ila mwenye mali. Mumeo akikataa, nitasimama mtoni palepale niseme kuwa nilidanganya." Akaandika barua kwa mkono wake, ikapita kwa mabaharia, ikachukua muda. Mimi niliomba Baba akatae. Nilimchukia Fundi, nasema kweli. Alituokoa, nami nilimchukia, kwa sababu saa ile ndiyo iliyokuwa deni la Baba kurudi.

Jibu lilikuja kwenye kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji, kwa herufi za Kiarabu. "Nimeridhia. Ni wakfu tangu siku ile. Mwambieni mwanangu kazi yake ameimaliza." Kesho yake nikaivua mbele ya mihrabu, Fundi akaivaa, akaniombea dua ndefu. Mkono wangu ulikuwa mwepesi kiasi cha kuudhi.

Baba hakurudi. Kwanza vyombo havikusafiri, kisha vikasafiri, na kufikia hapo Mama alikuwa amepelekewa talaka kwa barua. Nilipokwenda Moroni kusoma, nilimkuta Baba mtaa wa Magudju, kwa dada yake, anakaa mlangoni akiwauliza wapita njia saa ngapi. Hakuvaa saa nyingine maisha yake yote. Aliushika mkono wangu juu ya kiwiko, akaukandakanda kama anayetafuta kitu.

"Inatembea?"

"Inatembea, Baba."

"Basi mimi ndiye niliyesimama," akasema, akageuza uso.

Sasa yeye ni marehemu, na Fundi pia, Mungu awarehemu. Mwanangu wa kiume anasoma chuo kikuu, Mvuni. Ana saa inayomhesabia hatua na mapigo ya moyo, na isipopata chaji haijui hata kama ni mchana. Simu yake imepasuka kioo mara tatu, na kila mara anatangaza msiba. Namwambia sisi tulikuwa tukiichaji saa kwa kukuna nazi, anacheka.

Mwaka huu nilikwenda naye Mutsamudu. Mwadhini ni mjukuu wa Fundi, na saa ilikuwa mkononi mwake, kioo kina mikwaruzo, mkanda umebadilishwa. Mwanangu akaninong'oneza, "Mama, wanunulie nyingine mpya, uichukue ya babu." Nikamwambia ya wakfu hainunuliki. Lakini nilimwomba mwadhini aniazime kutoka alasiri hadi magharibi. Akaiweka kizingitini tusigusane mikono, nikaiokota, nikaifunga juu ya kiwiko, pale pale. Nilitembea mji mzima mpaka miguu ikauma, mtoni, bandarini, ngazi za ngome zote. Adhana ilipokaribia niliirudisha, bado inatembea.