Sabuni Haiingii Humu

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyomwambia mkubwa wangu wa kazi "hapana" na nikabaki nimesimama. Nilikuwa mhudumu mpya katika kituo hiki cha afya, binti wa kijiji cha Masakta niliyetoka shambani juzi tu. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kubeba mabeseni na kuelekeza wagonjwa. Na tangi la samaki, hili unalolipokea leo kutoka mikononi mwangu.

Tangi lililetwa na daktari mmoja kutoka Ukerewe aliyepangiwa kazi huku kwetu. Alisema watoto wanaosubiri sindano wanahitaji kitu cha kuangalia. Ni kweli, maana mtoto aliyelia tangu getini alinyamaza mara tu alipowaona wale samaki wekundu. Daktari alipohamishwa aliniita, akanionyesha filta iliyo chini ya meza, hilo kopo refu lenye mipira miwili, mmoja wa kushusha maji machafu na mwingine wa kuyarudisha yakiwa safi.

"Rejina," akaniambia, "ndani ya sponji hizi wanaishi vijidudu vinavyokula uchafu wa samaki. Zioshe kwa maji ya tangi lenyewe. Sabuni usithubutu."

Wengine aliowaeleza walicheka. Uchafu unatunzwaje? Mimi nilimwelewa palepale, na sifa hiyo nampa bibi yangu, mzaa baba. Nilipokuwa msichana mdogo nilikichukua kibuyu chake cha maziwa, nikakisugua kwa sabuni mpaka kikanukia duka. Nilitegemea kusifiwa. Bibi alikinusa, akasema, "Umekiua. Kibuyu kina kazi yake ndani, wewe umekifukuzia wafanyakazi." Kwetu kibuyu huoshwa kwa maji na kijinga cha moto, na mtindi wa jana huachwa kidogo chini ili maziwa mapya yagande. Maziwa ya wiki ile yaliharibika yote, na bibi alinimiminia kikombe ninywe, ili nisisahau. Sijasahau.

Basi tukasikia kesho yake wageni wa wilaya wanakuja kutukagua. Matroni wetu alikuwa Mama Mwanahamisi, mama wa Tanga, msafi kupindukia, anapitisha kidole juu ya milango kutafuta vumbi. Maji ya tangi yalikuwa yameanza kuwa na ukungu kwa sababu filta ilikuwa imeziba. Akanikuta nimeifungua, sponji za kahawia ziko kwenye beseni, naziminya polepole. Akaweka pakiti ya sabuni ya unga pembeni yangu.

"Ziwe nyeupe," akasema.

"Shikamoo, mama. Nitaziosha, ila siyo kwa sabuni. Samaki watakufa."

"Marahaba. Hii ni nyumba ya wagonjwa, binti, na wewe unanitunzia uchafu?"

"Mama, kwa heshima zote, hapana. Sabuni haiingii humu."

Akina mama waliokuwa kwenye foleni waliacha hata kubembeleza watoto. Matroni hakupandisha sauti, na hilo lilinitisha zaidi. "Sawa. Kesho asubuhi maji yakiwa na ukungu, au samaki mmoja akielea, tangi linatoka na wewe unarudi Masakta ukalime." Akaondoka. Mimi niliendelea kuminya.

Nilizisuuza sponji mpaka maji yalipopita vizuri, nikatupa pamba ya kuchujia iliyochakaa, nikaweka mpya. Vipande vya udongo vyenye matundu, ambamo vijidudu pia huishi, nilivichovya tu nikavirudisha. Nikafuta utelezi kwenye kijifeni cha pampu kinachosukuma maji. Nikapangusa mpira wa mfuniko, maana chembe moja ya mchanga ikikaa pale utafagia maji sakafu nzima. Nikafunga, nikafungua koki, nikachomeka. Ikanguruma. Nilitabasamu kama niliyezaa pacha.

Kabla ya adhuhuri umeme ukakatika.

Nikazima swichi ya ukutani. Saa zikapita, filta imelala kimya. Samaki wakaanza kupanda juu wakipumua kwa shida, midomo nje ya maji. Nikachukua kikombe, nikawa nachota maji na kuyamwaga kutoka juu ili yapate hewa. Nachota, namwaga, nachota, namwaga. Watu walicheka wakachoka. Kisha mama mmoja wa Dongobesh, mtoto mgongoni, akaninyang'anya kikombe. "Pumzika, mkono wako umekufa ganzi." Akafuata mwingine. Foleni nzima ya kliniki ikawa inapeana zamu.

Alasiri taa zikawaka. Matroni alikuwa karibu na ukuta, akanyoosha mkono kuwasha filta. Nikapiga kelele. "Mama, ngoja!"

Mwanangu, hakuna aliyekuwa amewahi kumpigia kelele Mama Mwanahamisi. Nilichomoa kopo, nikalipeleka nje, nikafungua mfuniko mbele yake. Harufu iliyotoka ni ya yai viza. Akaziba pua kwa ushungi wake.

"Hayo ndiyo maji ningewarudishia samaki?"

"Ndiyo, mama. Yakilala bila kutembea yanaoza. Yanamwagwa kwanza."

Akainama, akashika beseni kwa mikono yake mwenyewe, akanishikia huku nasuuza tena kwa maji ya tangi. Nikajaza kopo, nikalitikisa hewa itoke, nikawasha.

Asubuhi maji yalikuwa yanaonyesha mpaka kokoto za chini, na samaki wote walikuwa wanaogelea. Mkubwa wa wageni akasimama mbele ya tangi, akauliza nani anayelitunza. Matroni akanisukuma mbele. "Ni huyu, Rejina wa Masakta. Kwa samaki, yeye akisema hapana, hata mimi natii."

Nimesikia mengi ya kunifurahisha maishani, ila hilo nalala nalo mpaka leo.

Sasa nastaafu, na funguo za kabati la vifaa ni zako. Osha filta maji yakianza kutoka kwa unyonge, usingoje ukungu. Chomoa umeme kwanza, funga koki, tumia maji ya tangi. Umeme ukikatika muda mrefu, mwaga yaliyolala kabla hujawasha. Na siku mkubwa atakapokuja na pakiti yake ya sabuni, msalimie shikamoo kwa adabu, halafu ukatae. Kukataa kwa heshima ni sehemu ya kazi hii, na huenda ndiyo ngumu kuliko zote.

Njoo, leta mkono wako hapa kwenye mpira usikie maji yanavyopita. Unasikia? Mungu ailinde mikono hii, mwanangu, akupe ulimi wa upole usiotetereka, na kila mtoto atakayenyamaza mbele ya kioo hiki awe baraka yako.