Mwanga Yupo

Leo jirani anapiga plasta, na harufu ya saruji mbichi imeingia mpaka chumbani. Nimeshindwa kula.

Nilipokuwa mtoto, mimi na bibi yangu tulipanga chumba kimoja kwenye mji wa machimbo, nyumba zimebanana. Bibi alishona sare za shule kando ya dirisha, maana macho yake yalishaanza kuchoka. Jirani wetu wa huko akaanza kupandisha ukuta mbele ya dirisha hilo. Kiwanja kilikuwa chake, siwezi kusema alikosea.

“Kamwambie aache nafasi ya mkono mmoja tu,” bibi alinituma. “Nataka mwanga.”

Nyumbani tulisema Kisukuma. Kiswahili changu kilikuwa cha kuokoteza.

“Shikamoo. Bibi anataka mwanga.”

“Marahaba,” fundi wa jirani akacheka. “Kwani humo kwenu mwanga hayupo?”

Sikujua kwamba mchawi naye huitwa mwanga. Nilidhani ananiuliza habari ya nuru, na sikutaka kusema uongo, kwa kuwa ilikuwa bado inaingia kidogo.

“Yupo,” nikajibu. Ningesema “upo” labda yangeisha kwa utani, sina hakika.

Jirani alikuwa amezika mtoto mwezi ule. Hakucheka. Alishika tofali mwenyewe, akaziba mpaka usawa wa bati. Baada ya hapo hakuna mzazi aliyeleta tena kitambaa kwetu.

Bibi aliniuliza mara moja tu, “Ulimwambiaje?”

“Nilisema unataka mwanga.”

“Basi ulisema vizuri,” akanijibu, akaendelea kupapasa tundu la sindano bila kuliona, na wala hapakuwa na sare ya kushona.