Mguu wa Mwalimu Mpole

Katika walimu wote wa udereva mjini, aliyesifiwa kwa utulivu alikuwa yeye, ndiyo maana wakamwita Mpole. Wenzake walifoka mpaka mishipa ya shingo ikawatoka. Yeye alikaa kiti cha abiria, mikono mapajani, kama anayesubiri kuitwa na daktari. Mwanafunzi akichelewa kusimama, gari lilisimama tu, taratibu, bila kelele. "Vizuri," angesema Mpole. "Tuendelee." Gari lake, kama magari yote ya kufundishia, lilikuwa na breki mbili: moja ya mwanafunzi, moja ya mwalimu.

Kisha yakaja mayai. Ndivyo watu walivyoviita vile vibanda vyeupe vya watu wanne, vinavyojiendesha juu ya njia yao nyembamba iliyoinuliwa kwa nguzo. Unaingia, unagusa jina la kituo kwenye kioo, mlango unajifunga, unashushwa unakokwenda bila kusimama njiani. Hakuna dereva, hakuna usukani, hakuna wa kugombana naye. Walioapa kwamba hawapandi ng'o ndio waliowahi foleni. Wanafunzi wa udereva wakakata mguu mmoja mmoja, na shule ya jirani ikageuka saluni. Wala hakuna wa kulaumiwa. Nani ajifunze kuchinja na nyama inauzwa imeshapikwa?

Mpole akabaki na mwanafunzi mmoja, mama mshonaji wa mapazia, mwenye wajukuu. Alikuwa ameshafeli mtihani mara mbili, na ofisi ya leseni ilikuwa imetangaza kwamba baada ya mtihani ujao haitapokea madereva wapya. Akikosa hapo, amekosa moja kwa moja.

"Mama, yai linapita mlangoni kwako," Mpole alimwambia. "Unahangaikia nini?"

"Mwalimu, mimi nimebebwa tangu mgongoni kwa mama. Akanibeba baba kwa baiskeli, akanibeba mume wangu kwa pikipiki, sasa nabebwa na yai. Nataka nijibebe mwenyewe hata mara moja, kabla hawajanibeba ile safari ya makaburini."

Mpole alicheka, lakini neno lile lilimkaa moyoni. Akamfuata mtahini wa ofisi ya leseni, mtu waliyejuana siku nyingi, amuulize kasoro iko wapi.

"Anajua yote isipokuwa kusimama," mtahini alisema.

"Kwangu mbona anasimama vizuri?"

"Basi gari lako lina malaika."

Mpole aliondoka amenuna.

Jumamosi iliyofuata mkewe alimburuta wakamwone shemeji yake mgonjwa, na kwa mara ya kwanza Mpole akapanda yai. Walikaa wakitazamana. Kila mayai mengine yalipojitokeza kwenye maungio ya njia, lao lilipunguza mwendo lenyewe, likaingia katikati yao.

"Baba, unakanyaga nini hapo chini?" mkewe aliuliza.

"Sikanyagi kitu."

"Hebu jitazame."

Mpole akatazama. Mguu wake wa kulia ulikuwa umekaza sakafu mpaka kiatu kimejikunja. Yeye alikuwa hana habari. Mkewe alicheka mpaka machozi, na mumewe akiwa pale pale kitini akamjua yule malaika. Miaka yote mguu huu ulikuwa ukiwatangulia wanafunzi, kwa ulaini ambao hakuna aliyeushtukia. Wao walidhani wamesimama wenyewe, na yeye alidhani amefundisha. Waliofaulu labda walijifunza kwenye magari ya wajomba zao. Mpole aliona aibu, na haikuwa aibu ndogo.

Mazoea yana taabu. Tangu siku ile, kila asubuhi kabla ya kazi, alipanda yai peke yake kuufundisha mguu adabu. Alikaa mbele kabisa, akayakodolea macho maungio, akauamuru utulie. Mguu ukakataa. Abiria mmoja kijana alimwonea huruma.

"Usiogope, mzee. Halijawahi kugonga hili."

"Ahsante, mwanangu," alisema Mpole, aliyeendesha magari kabla kijana huyo hajazaliwa. Aibu hiyo aliimeza tu. Siku zilivyokwenda, mguu ukazoea kukaa bure.

Ndipo akamtoa mama mshonaji barabarani. Kwenye taa nyekundu mama hakukanyaga breki. Mpole akatoka jasho, mguu ukatulia. Gari likavuka mstari mweupe, mama akashtuka, akakanyaga kwa nguvu zake zote, nusura wagonge kioo kwa vichwa.

"Mwalimu, breki imeharibika?"

"Ni nzima, mama."

Mama akamtazama, kisha akaitazama miguu yake.

"Kumbe siku zote ni wewe!"

"Ni mimi. Nisamehe."

"Yaani hata humu nilikuwa nabebwa!"

Alikasirika kwelikweli. Lakini kesho yake aliwahi kuliko mwalimu. "Miguu juu," aliamuru kabla hajawasha gari, na Mpole akaikunja kitini kama mtoto. Ikawa ndiyo desturi yao. Mama akachubua ukingo mmoja wa barabara, akavunja ndoo ya mtu, akajifunza.

Siku ya mtihani Mpole alingoja barazani pa ofisi. Gari lilirudi, likasimama mahali pake. Mtahini akashuka.

"Amefaulu."

Mama hakushuka. Alirekebisha kioo, akawasha taa ya kuashiria, akatazama nyuma, akatoka getini peke yake.

"Mpole, gari lako linaondoka!"

"Naliona."

"Umemruhusu?"

"Hakuniomba."

Mbele, taa ikawa nyekundu. Gari likapunguza mwendo, likasimama nyuma ya mstari, na ndani hamkuwa na mtu mwingine. Mama huyu alikuwa mwanafunzi wa mwisho wa Mpole, na ndiye wa kwanza aliyemfundisha kweli.