Nyuma ya Kikosi Kinachoimba

Tangazo la mbio lilipita mtaani kwetu kwenye gari lenye spika, Ijumaa tukitoka shule. Kambi ya jeshi iliyo nje ya mji ilikuwa inaandaa mbio za barabarani, wanajeshi na raia pamoja, na vikosi kutoka kambi nyingine vingekuja. Wenzangu walisikia fulana za bure. Mimi nilisikia "kambi nyingine" tu, nikaenda nayo hadi nyumbani.

Kaka yangu alikuwa na mwaka wa tatu jeshini, kambi ya mbali upande wa pwani, na tangu aende hakuwahi kurudi Sumbawanga. Likizo ya kwanza ilifutwa. Ya pili iliishia kwenye malaria hukohuko. Tulibaki mimi na mama. Kila Jumapili baada ya misa mama humpigia, wanaongea Kifipa na kucheka, halafu ananipa simu, nami nasema "poa" na "shule nzuri", nanyamaza. Ndivyo nilivyo. Maneno yangu huja simu ikishakatwa.

Jumapili ile nilijikaza, nikamwuliza kama atakuja kukimbia.

"Wakinipanga nakuja," alisema. "Ila mama usimwambie, nisije nikamvunja moyo."

Mama alikuwa amekaa karibu yangu kwenye mkeka, anachambua maharage, na simu yetu inapiga kelele kuliko redio. Kesho yake alianika ulezi wa uji.

Nikajiandikisha. Darasani walinicheka kidogo. "Wewe mtu hata kujibu swali unanong'ona, leo unakwenda kushindana na wanajeshi?" Niliwaacha. Kukimbia najua, maana kaka ndiye aliyenifundisha, jioni tukitoka shamba, upepo wa milima ya Mbizi unatupiga usoni mpaka machozi yanatoka bila mtu kulia. Alikuwa anakimbia bega la kulia limeshuka, kama aliyebeba jembe, hata akiwa mikono mitupu. Nilikuwa nafuata bega lile. Siku hizi nikikimbia peke yangu bado naliangalia pale ambapo lingekuwa.

Asubuhi ya mbio ilikuwa na ile baridi ya mwezi wa saba inayouma masikio. Mama alijifunga kitenge juu ya sweta, akabeba chupa ya uji, akasimama njia panda karibu na mashine ya kusaga, ambapo njia ya kwenda na ya kurudi ni hiyohiyo.

"Mimi nitawaangalia wakipita," aliniambia. "Wewe mtafute humohumo ndani."

Kumbe vikosi vilipangwa mbele na raia nyuma. Wanaume wote wamenyoa, wote fulana za kijani, na mimi naona visogo tu. Bunduki ya kuanzishia ikalia, vikosi vikaondoka kwa mistari, kila kimoja na mwimbishaji wake, na buti zikawa zinagonga lami kwa pamoja. Nilivuta kasi nikakifikia kikosi cha mwisho. Na hapo nikakwama.

Aliyesoma shule ya msingi kwetu ataelewa. Tulikuwa tunakimbia mchakamchaka kila asubuhi kabla ya masomo, na jambo la kwanza unalofundishwa ni kwamba anayeimbisha hapitwi. Ukimpita unarudishwa mkiani, na shule nzima inakuzomea. Sasa mwimbishaji alikuwa mama mmoja mnene kiasi, afande, sauti yake inafika milimani. Anaita, wanajibu, na miguu yangu ikaingia kwenye hatua zao bila kuniuliza. Pumzi nilikuwa nayo. Barabara ilikuwa wazi upande wa kulia. Raia wengine, wale wa vilabu vya mazoezi, walipita wakaenda zao. Mimi nikabaki mstari wa nyuma, naitikia wimbo kwa sauti ndogo.

Basi nikaanza kukagua migongo ya kikosi kile, mmoja mmoja. Hakuna. Tulipopanda kilima cha kwanza, kikosi cha mbele yetu kikaonekana juu, na katikati yake nikaona bega la kulia limeshuka.

Nilitaka kukimbia na miguu haikutaka. Kilima kizima nilikuwa najiambia nikifika kwenye ule mti, nikifika kwenye lile kalavati, na yote yalipita nami niko palepale nyuma ya yule afande, adabu imenijaa kama mjinga.

Mwanajeshi mmoja wa mstari wa mwisho aligeuka. "Raia, umehamia kwetu? Tukuandikie namba ya jeshi?"

Wenzake wakacheka. Niliona aibu, na nikiona aibu mimi huamkia. "Shikamoo," nikasema.

"Marahaba," wakajibu wote, kikosi kizima, kwa hatua.

Yule afande mwimbishaji akageuza kichwa. "Nani anaamkia mbioni?"

"Mwanafunzi, afande. Anatuheshimu, hataki kupita."

Aliniangalia. Sijui aliona nini usoni kwangu, lakini hakucheka. "Binti, hapa si shuleni. Una shida mbele, nenda. Pita."

Nikapita. Sikumbuki vizuri kipande kile, ila nakumbuka upepo ulikuwa kifuani na nilikuwa napanga nitakachosema. Nilikuwa na maneno mengi. Nilitaka kumwambia kwamba mbwa wetu alikufa, kwamba mama siku hizi anaenda kitandani mapema mno, kwamba kitanda alichokiacha sijakilalia hata usiku wa baridi nilipotaka mablanketi yake. Bega likawa linakaribia. Nikafika ubavuni, nikatazama.

Alikuwa mtu mzima, mvi masharubuni, na bega lake lilikuwa na kovu refu linaloingia ndani ya fulana.

"Unamtafuta nani, mdogo wangu?" aliniuliza, hata pumzi haimkatiki.

"Kaka yangu." Nikataja kambi.

"Wale hawakuja. Walitajwa mwanzoni, halafu wakaambiwa wabaki."

"Asante," nikasema.

"Anakula vizuri kule, usiogope. Kule samaki wengi."

Nikaongeza mwendo kwa sababu sikutaka anione, na tulipogeuka kurudi mjini nilikuwa nimeviacha vikosi vyote nyuma, jambo ambalo wiki moja kabla ningejivunia.

Njia panda mama alikuwa amesogea hadi ukingoni mwa lami. Alikuwa anatazama mbali, kule vikosi vinakotokea, midomo yake inatembea kama anayesali rozari. Nilipita mita mbili mbele yake. Hakuniona. Nilikuwa mtoto wake pekee aliyekuwa kwenye barabara ile, na hakuniona. Ningeweza kuita. Nilifungua mdomo, lakini kumwita kulikuwa sawa na kumpa habari, nikaufunga, nikaendelea hadi uwanjani.

Walinivisha medali. Sikungoja soda. Nilirudi kwa miguu, nikamkuta amesimama palepale, na pikipiki zimeshaanza kupita tena. Aliniangalia uso, akaangalia nyuma yangu, akaniangalia tena. Alinifunika kitenge chake mabegani kwa sababu jasho lilikuwa limeanza kupoa, tukashika njia ya nyumbani.

Tulivuka daraja. Kisha akasema, "Wewe ulikuwa karibu nao."

"Ndiyo, mama."

"Wakoje? Wamekonda?"

"Hapana. Wana nguvu. Wanataniana tu."

"Wanataniana?"

"Sana. Walinitania hata mimi."

Akatabasamu kidogo, na nikaona anataka zaidi, kwa hiyo nikaongea. Nilimweleza jinsi wanavyopumua kwa pamoja, jinsi mmoja akichoka wa jirani anamshika mkanda, jinsi wanavyonuka jasho na sabuni ya kipande. Sijawahi kuongea kiasi kile na mtu yeyote. Yeye alisikiliza huku anatazama chini, kama mtu anayesikiliza habari za mtu mmoja.

"Na miguuni," akauliza tulipofika getini, "wanavaa soksi ndani ya yale mabuti?"

"Wanavaa."

"Nzima?"

Soksi sikuziangalia.

"Nzima, mama," nikasema. "Za sufu."