Nitakutua Nyumbani

Mkitaka kucheka, chekeni sasa mmalize. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na hayakunipata usiku wala sikuwa nimeonja pombe. Ilikuwa alasiri, jua linawaka, miaka ile tulipohamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa.

Mke wangu alishikwa na uchungu asubuhi. Zahanati ya kijiji kipya ilikuwa kuta tu, mabati hayajafika, na mkunga niliyemwamini alikuwa mmoja: mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi upande wa Usoke. Nikachukua baiskeli nikamfuata. Sasa sijui kwenu, lakini sisi Wanyamwezi mama mkwe hatazamwi usoni wala haongeleshwi ovyo. Na mimi nimpakie kwenye keria! Alikaa amenipa mgongo, na kila alichotaka kusema aliiambia baiskeli.

"Baiskeli, kazana, mwanangu anaumia."

"Inakazana, mama," nikajibu, macho mbele.

Barabara mpya ilizunguka mno, kwa hiyo tulikata kwa njia ya zamani, ile waliyopita wapagazi na pembe za ndovu kutoka Ujiji. Njia gani? Kijia chembamba katikati ya miti ya miyombo, mizizi imejikunja juu ya mawe, ukikosea tairi unakula mchanga. Mimi nilikuwa hodari, sijisifu bure. Nilijua pa kusimama juu ya pedeli na pa kuiachia ishuke yenyewe, hata mbung'o wakining'ata siachii usukani.

Tukafika kwenye mteremko mkali wa mawe matupu. "Baiskeli, hapa mimi nashuka," akasema mama mkwe, akashuka atembee kwa miguu. Mimi nikateremka, breki zinapiga kelele, hadi chini kwenye mto mkavu. Nikamsubiri nimegeukia mbele, kwa heshima. Baada ya muda keria ikalia, nikahisi mtu amekaa.

"Baiskeli, twende?" nikauliza.

Nikakanyaga pedeli. Nikaondoka.

Niaminini, ilikuwa nzito. Kwenye tambarare nilihema utadhani napanda mlima. Nikawaza, huyu mama kala mawe? Nikaona haya kumfikiria hivyo mkwe wangu. Na kugeuka ningegeukaje?

Ndipo nikasikia sauti ya mama mkwe. Ilitoka kule nyuma kabisa, juu ya mawe: "Baiskeli! Mbona unaniacha?"

 Nikatazama kivuli chetu kilicholala kando ya njia. Mimi huyu, baiskeli hii, na nyuma yangu mwanamume ameketi wima, pembe ndefu ya ndovu kichwani, kaishika kwa mikono miwili.

"Nitue, ndugu yangu," akasema, sauti imemkauka. "Shingo imekufa."

Mnajua wenyewe, mtu akikuomba umtue mzigo humnyimi, hata awe adui yako. Lakini niliogopa, na mke wangu alikuwa ananingoja. Nikajibu kama tunavyomjibu yeyote tukiwa na haraka: "Nitakutua nyumbani."

Uzito ukaisha papo hapo. Baiskeli ikayumba, nikaanguka nayo.

Mama mkwe alinikuta nimekaa mchangani. Akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. "Nimeona umempakia mtu. Umemwambia nini?"

Nikamwambia. Akajishika kichwa. "Ungemtua hapa hapa, baba! Mzigo wa njiani huachwa njiani. Wewe umemkaribisha kwako."

Tulifika salama. Mtoto akazaliwa jioni ile, wa kiume, mzima, na mama yake mzima. Nilifurahi mpaka nikalia. Miezi ikapita, tukaacha hata kulitaja jambo lile. Watoto wa wenzetu huanza kwa kusema mama, au baba. Wetu alisimama mlangoni jioni moja, shingo imekakamaa, mikono miwili juu ya kichwa kitupu, akanikazia macho.

"Nitue," akasema.

Nikanyoosha mikono, nikakipokea nisichokiona. Magoti yalikunjika kwa uzito. Nikakilaza sakafuni, mtoto akacheka, akaenda kucheza. Kesho yake jioni, tena.

Sasa ana watoto wake. Amejenga jirani nami, maana hawezi kulala mbali. Kila jioni anakuja, ananiamkia shikamoo, naitikia marahaba, kisha anasimama kungoja. Mama yake amejaribu, mkewe amejaribu, mikono yao inapita hewani. Ni mimi tu ninayeweza, na nimezeeka. Juzi nusura kiniponyoke. Yeye haniulizi, lakini naona anavyoitazama mikono yangu. Nikifa, nani atamtua mwanangu?

Kwa hiyo nyinyi wenye baiskeli, geukeni mumwone mnayempakia, hata akiwa mkwe. Aibu hupita. Na mtu akikuomba umtue, mtue pale pale aliposimama, hata kama kwako nyumba inaungua.