Mchuzi wa Ijumaa ya Kwaresima

Mukonyo alikuwa ameshaulamba mchuzi ndipo akakumbuka kuwa ni Ijumaa.

Ni mazoea ya wapishi hayo. Miaka yote aliyowapikia watu wa viwandani pale Thika, katika kibanda chake cha mabati, hakuwahi kuonja kwa kijiko. Alidondosha mchuzi kiganjani, akalamba, akaongeza chumvi. Mkono ulijifanyia wenyewe. Na huu haukuwa mchuzi wa maharagwe, ulikuwa wa ng'ombe, maana mtu aliyebeba magunia tangu asubuhi humwambii habari za Kwaresima.

Ingekuwa mwaka mwingine, angepiga ishara ya msalaba na kuendelea kusonga ugali. Lakini safari hii alikuwa ameweka nadhiri. Jumatano ya Majivu, paji la uso likiwa bado jeusi, alimwahidi Mungu kwamba hataonja nyama Ijumaa hata moja hadi Pasaka, mradi Dianah ajifungue salama. Dianah ni bintiye wa pekee, anayeishi na mwenzi wake Kahiga huko Mugutha, upande wa Ruiru. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika. Hii ya tatu ilikuwa imefika mwezi wa nane.

Akatema. Akasukutua kinywa, akatema tena. Kutema kitu ulichokwisha kumeza ni kazi bure, alijua hilo, lakini hofu haina akili.

"Mama, kwani nyama imeharibika?" aliuliza Boaz, mteja wake wa kila siku, sahani mkononi.

"Kula na uniache."

Hata sufuria hakuwa ameifunika simu ilipolia. Alikuwa Kahiga.

"Mama, pole kukusumbua. Dianah ameanza kutoka damu. Tuko hosi hapa Ruiru. Daktari bado anamwangalia."

Sasa nenda wewe ukamwambie Mukonyo kwamba mambo hayo mawili hayahusiani! Alimkabidhi Boaz mwiko, mteja wa watu, akaondoka na aproni kiunoni. Njia nzima alishindwa kusali. Alimwogopa Mungu kama unavyomwogopa askari aliyekwisha kukuona. Alijaribu kujitetea: ulikuwa mkono tu, Baba, haukuwa moyo. Lilikuwa tone. Kisha akaona aibu kujitetea hivyo.

Alimkuta Dianah amelala ubavu, midomo imemkauka. Muuguzi alisema moyo wa mtoto unapiga, ila damu haijakatika, na chumba cha upasuaji kinatayarishwa. Mukonyo akafungua kinywa aungame habari za mchuzi. Binti akamtangulia.

"Mwaitu," alisema, maana hofu ikimshika humwita mama yake kwa Kikamba. "Ni yale maneno ulisema. Ati tukiendelea kukaa na Kahiga bila harusi ya kanisa, Mungu hatatupea mtoto. Ndiyo haya, sivyo?"

Alikuwa ameyasema kweli. Mwaka uliopita, mimba ya pili ilipoharibika, aliyasema akiwa amesimama mlangoni mwa binti yake, kisha akaenda zake akasahau. Dianah hakusahau. Mimba hii yote ameibeba pamoja na maneno hayo.

Hasira zikampanda Mukonyo, hasira kali, juu ya huyo Mungu anayekaa akivizia matone ya mchuzi na wasichana wanaovuja damu. Akatamani kumfukuza wodini. Na papo hapo akaelewa ni nani aliyemleta humo. Ni yeye mwenyewe aliyemfundisha mtoto wake kumwogopa hivyo.

"Si Yeye aliyesema, ni mimi," alisema. "Nilikusemea vibaya, na Yeye nikamsemea vibaya. Mimi na huu ubaya wangu wote siwezi kukufanyia hivi, Dianah. Sasa Mungu ndiye aweze?"

"Una uhakika?"

Hakuwa na uhakika. Akashika chuma cha kitanda.

"Nina uhakika," alisema.

Wauguzi wakaja, wakasukuma kitanda. Alitembea kando yake, mkono wa binti ndani ya mkono wake, mpaka mlango ambao hakuruhusiwa kuupita. Ukafungwa. Akasimama hapo.

"Baba, mhurumie," alisema.

Kwa mazoea akatafuta la kuahidi. Akaliacha.