Uchafu Si Jina la Ugonjwa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja ya mtaa wa Rhonda mjini Nakuru, muuguzi mkuu alisimama mlangoni akawatazama akina mama waliojaa kwenye benchi. "Wa kikohozi, huku. Wa uchafu, mstari ule," alisema. Wanawake wakainuka, macho chini. Hivyo ndivyo tulivyouita ute wowote unaotoka ukeni, uwe wa kawaida au wa ugonjwa. Jina hilo lilinikera siku ile na linanikera hadi leo.

Baadaye nilihamishiwa Mai Mahiu, kituo kilichokuwa karibu na maegesho ya malori. Huko nilimjua Nekesa, aliyewauzia madereva chai. Aliwashwa sehemu za siri hadi akashindwa kuketi, na ute wake ulikuwa mweupe, mzito kama maziwa lala yaliyoganda. Kila alipokuja alipewa dawa za magonjwa ya zinaa bila kupimwa, kisha akarudi akiwa vibaya zaidi. Si ajabu, maana dawa hizo ni antibiotiki, nazo huua hata bakteria wazuri wanaozuia kuvu isisambae.

Nilimwambia afisa tabibu msimamizi kwamba afadhali tumpime.

"Sista, hapa ni Mai Mahiu," alisema bila kuinua macho. "Huyu hushinda na madereva. Mpe dawa, na umwambie alete bwana yake pia."

Bwana aliposikia anatakiwa kutibiwa, alijumlisha mambo mwenyewe. Alifunga nguo zake akaenda kwa mamake Bungoma, akitangaza kwamba mkewe anatembea na madereva. Nilichukua sampuli kwa pamba bila kungoja ruhusa, na fundi wa maabara akaitazama kwa darubini. Kuvu tupu. Vipimo vya zinaa havikuonyesha kitu. Tulipima hata sukari, kwa kuwa kuvu inayorudi-rudi wakati mwingine hutokana na kisukari, nayo ilikuwa sawa.

"Kwani unaoga aje?" nilimuuliza.

"Najiosha mpaka ndani na sabuni ya unga, sista. Siku zingine naweka chumvi. Si mlisema ni uchafu?"

Neno letu ndilo lililomtia sabuni mkononi.

Nilimpa tembe za kuingiza ukeni, kwa muda mrefu kuliko kawaida, nikamkataza sabuni: maji matupu, tena nje tu. Alipona polepole. Ndipo nilipompigia bwana yake simu aje kituoni, nikamketisha pamoja na Nekesa mbele ya msimamizi.

"Kwa hivyo hakukuwa na mwanaume?" bwana aliuliza.

"Hakukuwa. Hata msichana ambaye hajawahi kulala na mtu hupata kuvu hii."

"Na nilishaambia mama. Nilishaambia watu wote nyumbani."

"Basi rudi uwaambie," Nekesa alisema. Msimamizi akajifanya anatafuta kalamu.

Sasa nimestaafu, naishi Nakuru. Ninapokwenda kupimwa presha bado nawasikia wauguzi vijana wakiwaita wanawake kwa jina lile, nami huwasahihisha palepale, wapende wasipende. Ninyi mnaoanza kazi, semeni ute, semeni kuvu, na mpime kabla ya kumshuku mtu. Ndoa ya mtu si ya kuchezewa hivyo.

Nekesa hunitembelea akija mjini. Juzi nilimuuliza kama mumewe aliwahi kwenda Bungoma kuwaambia watu ukweli.

"Bado anatafuta nauli, sista," alisema.